Mzigo Nao Upimwe

Watu wengi husema ya kwamba mwuguzi akimkaripia mgonjwa, au mwalimu akimfokea mtoto, sababu yake ni moyo mbaya. Sisi twalikana neno hili. Mioyo mibaya ipo, lakini tumewaona walioanza kazi kwa upole mwingi, na baada ya miaka michache wamekuwa wakavu kama kuni. Ni nini kilichowakausha?

Huko Marekani, mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha kuchoka huku, chenye maswali 22. Hupima mambo matatu: moyo ulioishiwa nguvu, tabia ya kuwaona watu kama vitu, na kama mtumishi angali aona faida katika kazi yake. Kila swali hujibiwa kwa hesabu, tangu 0, yaani kamwe, mpaka 6, yaani kila siku. Walimu nao wametungiwa namna yao. Kipimo hiki ni chema, maana jambo lililoitwa uvivu sasa lina jina.

Lakini angalieni kinavyotumiwa. Maswali yote huuliza habari za moyo wa mtumishi. Hakuna hata moja liulizalo, wagonjwa ni wangapi usiku huu? Basi mkubwa asomapo majibu husema, "Huyu ni dhaifu, akafundishwe uvumilivu," na wodi hubaki vile vile. Mama ateremkaye mlimani siku ya soko la Tengeru, mkungu wa ndizi kichwani, akianguka njiani, je, tutamtazama shingo tu, tusiuinue mkungu tujue uzito wake?

Wala hayo si mawazo yetu peke yetu. Maslach mwenyewe, pamoja na Michael Leiter, aliandika mwaka 1997 ya kwamba chanzo kitafutwe katika kazi: wingi wake, ujira wake, haki iliyomo. Na Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, halikuliita jambo hili ugonjwa, bali tokeo la taabu za kazini zisizotengenezwa.

Wengine watatuambia, "Huduma ni wito, mwenye wito hachoki." Ati hachoki! Eliya alilala chini ya mretemu akitaka kufa, naye malaika alimletea mkate na maji. Hakumletea karipio.

Hapa Tengeru jambo hili latugusa sana. Chuo cha Patandi huwafundisha walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii hutoa watumishi wa vijijini, na hospitali ya wilaya i papa hapa. Vijana hao huanza kazi kwa furaha. Nasi tulianza hivyo. Ikafika jioni moja, mtoto asiyesikia vema akatuuliza neno lile lile mara ya tatu. Tukamgeuzia kisogo tukafuta ubao. Hakulia. Alirudi kuketi, wala hakuuliza tena mpaka mwaka ulipokwisha.

Karatasi ile ya maswali ikiletwa kwetu, tutaijaza kwa kweli yote, hata habari ya jioni ile. Na nyuma yake tutaandika hesabu ya watoto waliomo darasani, kwa wino ule ule.