Ithibati Kwanza, Ada Baadaye

WATUMISHI wengi walioko mpakani Tunduma, mkoani Songwe, wana kiu ya elimu ya juu, na kiu hiyo ni ya haki. Tangu Kituo cha Pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwezi Oktoba 2019, kazi ya mpakani imezidi kudai ujuzi. Ofisa wa forodha, wakala wa mizigo, karani wa benki na mfanyabiashara wa nafaka hawana budi kuelewa hesabu, fedha za kigeni na taratibu za nchi mbili. Si ajabu basi kwamba wapo wanaotafuta Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara, na kwamba wanaitafuta kwa njia ya mtandao.

Jambo hili linawahusu vilevile ndugu zetu wa Unguja na Pemba. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Uhamiaji kadhalika. Kijana wa Wete anaweza kupangiwa kazi Tunduma, akayakuta huko matatizo yale yale aliyoyaacha nyumbani. Aliyeko Tunduma yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Aliyeko Pemba ametengwa na vyuo vingi kwa bahari. Wote wawili hawawezi kuacha kazi na familia kwa miaka miwili ili wakakae darasani. Kwao masomo ya mtandao si anasa.

Lakini penye uhitaji hapakosi walaghai. Mwaka 2015 dunia ilielezwa habari za kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyobuni vyuo visivyokuwapo na kuuza shahada zake katika nchi nyingi. Hapa kwetu, mwezi Aprili 2017, Serikali ilitangaza kwamba watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Vile vilikuwa vyeti vya shule na vya ualimu, wala si vya uzamili. Lakini funzo ni moja. Karatasi isiyo na msingi humwangusha mwenye nayo, hata ikikaa kabatini miaka mingi.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe la ada, bali la ithibati. Vyuo vikuu vya nchini husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2005. Tume hiyo hiyo ndiyo huchunguza na kutambua shahada za nje. Anayetaka chuo cha nje ahakikishe kwanza kwamba chuo hicho kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake, kisha aulize Tume kabla hajalipa hata senti moja. Asiridhike na nembo zilizopambwa kwenye tangazo, kwa sababu wapo wanaojitungia hata vyombo vya kuwapa ithibati. Chuo kikidai kuthibitishwa na AACSB au AMBA, jina lake litafutwe katika orodha ya vyombo hivyo vyenyewe.

Swali la pili ni gharama. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Lakini si kweli pia kwamba kila cha ghali ni bora. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha shahada hii, na kina vituo mikoani pamoja na Unguja na Pemba. Mwombaji adai kuelezwa gharama yote kwa maandishi: ada, usajili, mitihani, usimamizi wa tasnifu na nauli ya kwenda kituo cha mtihani. Ada ya fedha za kigeni hupanda kila shilingi inaposhuka, hata kama chuo hakikuongeza kitu.

La tatu ni sifa za udahili. Kwa kawaida hutakiwa shahada ya kwanza yenye wastani wa 2.7 kati ya 5, yaani daraja la pili la chini. Aliyepungukiwa asikate tamaa. Vyuo vingi hufikiria stashahada ya uzamili yenye matokeo mazuri. Vyeti na hati za matokeo vikusanywe mapema, na majina yalingane. Chuo kisichotaka cheti chochote, kinachotoa shahada ya uzamili kwa uzoefu wa maisha peke yake, hakifundishi, kinauza karatasi.

Serikali nayo ina wajibu wake. Haitoshi kumwadhibu mtumishi baada ya kudanganywa. Maofisa utumishi wa halmashauri za Songwe, na wenzao wa visiwani, wawe na orodha mpya ya vyuo vinavyotambuliwa, na waibandike mahali pa wazi. Maombi ya ruhusa ya masomo yajibiwe kwa maandishi na kwa wakati, ili mtumishi ajue kabla ya kulipa kama shahada anayoitafuta itakubaliwa na mwajiri wake.

Mtumishi wa mpakani anayejinyima ili asome anastahili heshima. Heshima hiyo tumpe kwa kumwelekeza mapema, kabla akiba yake haijaishia mikononi mwa matapeli.