Nyeusi Iliyo Katikati ya Bendera

Jumatatu asubuhi mtoto wetu anasimama mstarini shuleni, bendera inapandishwa, mwalimu anauliza maana ya rangi zake. Kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, bluu ni maji, nyeusi ni watu. Ndio sisi. Jana yake mtoto huyo huyo alikuwa Shule ya Jumapili, akaonyeshwa kile kitabu kisicho na maneno. Ukurasa mweusi: huu ni moyo wako wenye dhambi. Nasi wachungaji tulipita mlangoni, tukatabasamu, tukaenda zetu.

Tumekosea, tena kwa muda mrefu.

Nyeusi ile haikuingia kwenye bendera kwa kubahatisha. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipandisha kijani na nyeusi, rangi za TANU, pamoja na mistari myembamba ya njano. Mwaka 1964 Muungano ukaleta bluu ya Zanzibar, na nyeusi ikabaki katikati, sasa ikipita mshazari kutoka pembe hadi pembe. Watu walioambiwa miaka mingi kwamba rangi yao ni upungufu walijiweka pale katikati bila kumwomba mtu radhi.

Kitabu kile nacho kina historia. Mhubiri Spurgeon alikitumia London mwaka 1866. Kilipotufikia pamoja na Injili, tukadhani nacho ni Injili. Lakini Isaya, katika sura ya kwanza, anapotafuta rangi ya dhambi anataja nyekundu. Na sisi Walutheri hatuna hata udhuru: mwaka 1530 Luther alipoeleza alama yake ya waridi, nyeusi ilikuwa katikati kabisa, ndani ya moyo mwekundu, na nyeusi hiyo ni msalaba.

Wako watakaosema nyeusi ya kitabuni ni giza tu, si ngozi ya mtu. Mtu mzima anaweza kutenganisha hayo. Mtoto wa miaka mitano anautazama ukurasa, kisha anautazama mkono wake. Wengine watatukumbusha Ijumaa Kuu, madhabahu inapovishwa nyeusi. Ule ni msiba, na kufiwa si dhambi.

Basi walimu wetu wauchane ukurasa ule. Wakitaka kufundisha dhambi, wawaulize watoto ni nani aliyechuma embe la jirani na ni nani aliyesingiziwa. Wataelewa bila rangi yoyote.