Amri Fupi, Majuto Marefu

Wenzangu, wako wasemao kwamba kujifunza amri za kuandika katika kompyuta ni kazi bure, maana kipanya chatosha. Mimi sikubali. Muhula uliopita, katika dirisha la amri la Windows, niliandika "del *.docx", na insha zote za darasa letu zikafutika. Sikujua ya kuwa amri hiyo, iliyojengwa ndani ya programu yenyewe ipokeayo amri, haipeleki faili katika pipa la taka. Laiti ningaliandika kwanza "del /?", ningalipata maelezo yake, na kwa "del /p" ningaliulizwa kabla ya kila faili kufutwa. Basi tufundishwe amri hizi mapema. Kompyuta hutii tu. Kufikiri ni juu yetu. Majuto ni mjukuu.