Vijana wa Buseresere, andikeni yanayoulizwa hapa

KUTOKA KANDA YA ZIWA
Na Sayi Mabula

Vijana wa Buseresere na Katoro huniletea kazi zao kwa WhatsApp nizitazame kabla hawajaziweka hewani. Wengi wamemaliza kidato cha nne, wana simu janja, na wameamua kuwafundisha watu mambo mtandaoni. Nawapongeza kwa moyo wote, maana kufundisha ni kazi ya heshima. Tatizo ni mada. Jinsi ya kupata pesa mtandaoni. Jinsi ya kupata wafuasi 10,000. Jinsi ya kuondoa kitambi kwa siku 7. Ukimuuliza mwandishi kama hizo pesa amezipata, anajibu kwamba aliona kwa mwenzake, na mwenzake naye aliona kwa mwingine asiyemjua.

Mimi nashikilia kwamba mada ya mafunzo ichaguliwe kutokana na swali la mtu mwenye kazi mkononi. Kesho asubuhi kuna mtu atalifanya jambo hili, hajui aanzie wapi, na akikosea ataumia au atapoteza mali. Huyo ndiye wa kumwandikia, na mji huu umejaa watu kama yeye.

Chukua uchomaji wa dhahabu. Aliyekulia ukanda huu ameuona tangu utotoni. Mawe yamesagwa kwenye karasha, unga umeoshwa mwaloni, mchanga mzito uliobaki umetiwa kwenye karai na kumwagiwa zebaki. Mtu anaukanda kwa mikono mitupu mpaka zebaki iikamate dhahabu, anakamua kwa kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha. Donge linawekwa motoni. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mara nyingine moto wenyewe ni jiko la mkaa la nyumbani, uani, na watoto wamesogea kuangalia rangi ikigeuka njano. Mvuke wa zebaki hauonekani wala hauna harufu. Ukivutwa unapita mapafuni hadi kwenye damu, unaharibu ubongo na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye migodi midogo ya dhahabu nchini, ikiwemo ya Geita na Shinyanga, na hatari ya zebaki ilielezwa humo kwa kirefu. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe. Kifaa cha kumkinga mchomaji kipo pia, kinaitwa ritoti: chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba linalouchukua mvuke na kuupoza mpaka zebaki irudi kuwa majimaji na kudondokea kwenye chombo. Zebaki hiyo inatumika tena.

Pamoja na hayo yote, wachimbaji wengi hawaitaki ritoti, na sababu zao ni za kusikilizwa. Inachelewesha kuliko moto wa wazi. Kubwa zaidi, inaficha dhahabu. Watu wanne wamechimba duara moja kwa wiki kadhaa, wanadaiwa chakula, wanadaiwa mafuta ya jenereta, na tegemeo lao lote ni donge dogo kuliko punje ya hindi. Nani atakubali liingie ndani ya chuma kilichofungwa, naye akae tu asilione?

Hapo ndipo mada ilipo. “Madhara ya zebaki” ni mada ya semina, na semina tumezisikia. Mimi nataka kusoma “Jinsi ya kuchoma kwa ritoti mkiwa washirika wanne”. Mwandishi wake ataeleza kwamba donge lipimwe mbele ya wote kabla halijaingia. Ataeleza kwamba moto uwashwe mahali pa wazi, mbali na nyumba na watoto, na wote wakae upande upepo unakotokea. Ataeleza kwamba ritoti isifunguliwe ikiwa bado ya moto, kwa kuwa mvuke uliobaki humpiga usoni anayeifungua, na kwamba ikishapoa ifunguliwe wote wakiwepo. Ataeleza pia kwa nini uzito umepungua, ili asitokee mmoja akadhani ameibiwa ilhali kilichopungua ni zebaki. Mafunzo kama hayo hayaandikiki chumbani. Inabidi kijana aende mwaloni, akae na mzee aliyechoma miaka mingi, amuulize, aandike, kisha arudi amsomee alichoandika na kukubali kusahihishwa.

Kanda yetu iliwahi kuongoza nchi katika kazi hii. Kuanzia 1968 hadi 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo wa serikali na UNESCO, uliohudumia mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Buseresere ya wakati huo ilihesabiwa upande wa Biharamulo, yaani Ziwa Magharibi. Vitabu vya kusomea vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa habari za pamba, mwenye migomba kwa migomba, mvuvi kwa uvuvi, mfugaji kwa ng'ombe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana ni lipi kati ya hayo wanaweza kulifanya kijijini kwao. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Waandaaji walichagua magonjwa machache, malaria, kichocho na safura yakiwemo, ambayo mwanakijiji anaweza kuyapunguza kwa nguvu zake mwenyewe. Uchaguzi wa mada ndio huo.

Vijana wa leo wana uwezo ambao kizazi cha redio hakikuwa nao. Aliyezaliwa 2009, mwaka ule mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, amekua akiona watu wakifundishana kwa picha na sauti. Anajua kueleza jambo kwa dakika moja. Anajua kuielekeza kamera kwenye mikono inayofanya kazi, na anajua kumjibu mtu wa Runzewe aliyeuliza saa sita usiku. Lakini mitandao iliyomlea imemzoesha pia kuhesabu watazamaji kabla hajajiuliza kama alichosema ni kweli, na imemfundisha kwamba anayesema “inategemea” hafuatwi. Fundi simu mmoja wa hapa kwetu, kijana hodari, aliniambia video yake ya kukausha simu iliyoingia maji kwa kuifukia kwenye mchele ndiyo iliyotazamwa kuliko zote. Yeye mwenyewe akiletewa simu ya namna hiyo hagusi mchele. Huifungua, akatoa betri, akaisafisha bodi kwa spiriti na kibrashi laini. Nilimsihi aiweke hewani hiyo anayoifanya, akasema watu wanataka ya mchele. Watu wanataka simu zao zipone, na yeye ndiye anayejua zinavyopona.

Tarehe na mahali navyo visisahaulike. Mapema mwaka 2019 mchimbaji mdogo aliondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye dhahabu yake, na mwaka huohuo masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo. Maandishi ya 2018 kuhusu kuuza dhahabu yanaweza kumtisha mtu asiende sokoni, akaangukia kwa mlanguzi, kwa sababu tu mwandishi hakuweka tarehe juu. Kuhusu mahali, sisi wa huku tunajua adha yake. Katoro na Buseresere zimeshikana nyumba kwa nyumba, lakini Katoro iko Wilaya ya Geita na Buseresere iko Wilaya ya Chato. Mama muuza mchele akiambiwa kwamba kwa shida ya kitambulisho cha NIDA aende “ofisi ya wilaya”, anaweza kupanda gari la kwenda Geita, akapoteza nauli na siku nzima, kisha akaambiwa aende Chato.

Iko mada nyingine ambayo sisi wa umri wangu hatuwezi kuiandika vizuri hata tukijitahidi. Binti wa kidato cha pili alimtumia mvulana picha. Sasa mvulana anamtishia kwamba asipotoa pesa ataisambaza. Baba hawezi kumwambia, mwalimu anamwogopa, kwa hiyo anaiuliza simu, kwa Kiswahili kilekile cha mkato anachochati nacho na wenzake. Aliyekulia mitandaoni anaijua lugha ya swali hilo. Anajua pia kwamba jambo la kwanza binti atakalolifanya kwa hofu ni kufuta mazungumzo yote, na akiyafuta ameufuta ushahidi.

Basi aanzie hapo: usifute. Hifadhi vitisho vyenyewe, namba na jina la akaunti. Usilipe, maana aliyelipwa mara moja hurudi. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, hata kama ni shangazi au jirani, akusindikize kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto. Jua kwamba ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na anayetisha na kusambaza ndiye mwenye kosa la kujibu. Na wewe uliyetumiwa picha hiyo kwenye kundi, usiipeleke kwingine.

Mafunzo hayo yaandikwe na kijana, mwenyewe au na wenzake, bila kumtaja mtu jina na bila kisa kinachoweza kumtambulisha binti wa watu. Kabla ya kuyatoa ayapeleke kwa askari wa dawati na kwa mwalimu wa malezi wayapitie, kisha wasichana wawili watatu wa rika hilo wayasome na kumwambia walipokwama. Atakayeyamaliza aniletee kabla ya Jumapili. Nafasi ya safu hii wiki ijayo ni yake.