Mama lishe au jiko la nyumbani: hesabu ifanywe upya

Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo na Tandale, jijini Dar es Salaam, wamekuwa wakilaumiwa kwamba wanakula mtaji kwa kununua chakula cha mchana kwa mama lishe badala ya kupika nyumbani. Lawama hiyo ni ya haki kwa baadhi yao tu. Kwa wengine, kupika ndiko kunakowatia hasara.

Kosa la wengi ni kuhesabu chakula na kusahau mkaa. Chukua mfano wa makadirio ambapo mchele ni Sh 2,800 kwa kilo, maharage Sh 3,200 na sahani ya wali maharage kwa mama lishe Sh 2,500. Anayeishi peke yake atahitaji robo kilo ya mchele kwa Sh 700, nusu ya robo ya maharage kwa Sh 400, na nyanya, kitunguu na mafuta kwa Sh 500. Jumla ni Sh 1,600, naye anajiona ameokoa Sh 900.

Hata hivyo, maharage makavu hukaa motoni muda mrefu, mara nyingi saa mbili au zaidi. Iwapo mkaa wa maharage na wali utagharimu Sh 1,000, sahani yake imefika Sh 2,600. Amempita mama lishe kwa Sh 100, na bado muda wake haujathaminiwa. Aliyefunga meza saa sita mchana, wakati wateja wanapita, amepoteza zaidi.

Hali hubadilika kwa familia ya watu watano. Chakula kitafika Sh 8,000, lakini mkaa hauongezeki mara tano. Pengine utakuwa Sh 1,500. Kila mmoja atakula kwa Sh 1,900, na nyumba itaokoa Sh 3,000 kwa mlo mmoja, sawa na Sh 78,000 kwa siku 26. Hiyo ndiyo siri ya mama lishe mwenyewe: moto mmoja hulisha watu wengi. Aidha, mchele unapopanda bei, si lazima apandishe bei ya sahani. Aghalabu hupunguza kipimo. Mnunuzi makini huangalia sahani, si bei peke yake.

Kutokana na hali hiyo, anayeishi peke yake asione aibu kula kwa mama lishe, ila akiweza kushirikiana na majirani wawili kupika chungu kimoja, atapata nafuu. Mwenye familia naye hana sababu ya kununua sahani kila siku wakati chakula cha jioni kinaweza kuongezwa kidogo na kubebwa kesho yake kwenye hotipoti. Nishati pia ibadilishwe. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, lakini mfanyabiashara hana haja ya kusubiri mwaka huo ili kupunguza gharama zake.

Hatari kubwa zaidi haiko jikoni bali kwenye droo ya mauzo. Anayechukua Sh 1,000 ya chai na Sh 2,500 ya chakula kila siku bila kuandika atakuwa ametoa Sh 91,000 kwa siku 26. Kwa mwenye mtaji wa Sh 200,000, hiyo ni karibu nusu yake. Mwisho wa mwezi atasema biashara ni mbaya, kumbe bidhaa zimeuzwa vizuri na faida imeliwa. Wala asitegemee kuiombea nafuu ya kodi, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato hairuhusu matumizi binafsi kukatwa kwenye mapato ya biashara.

Ni vyema basi kila mfanyabiashara ajilipe kiasi maalumu kwa siku, ale kutokana na kiasi hicho, na akiandike. Akishafanya hivyo, uamuzi wa kula wapi utakuwa rahisi, na mtaji utabaki salama.