Benki nazo ziwe na namba inayojulikana

Mhariri,

Mwezi uliopita nilinunua mtandaoni, kwa kadi ya benki, beringi za mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Makanyagio, Mpanda. Dakika chache baadaye simu ikaita, namba ngeni: "Tunapiga kutoka benki kuhakiki muamala wako. Taja tarehe yako ya kuzaliwa." Nikakata. Nani asingekata? Tumeshachoshwa na jumbe za kitapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii", na namba za matapeli hao tunazipeleka kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040.

Kumbe safari hii ilikuwa benki kweli! Kadi ikafungwa, malipo yakakwama, mashine ikasimama, mpunga wa watu ukarundikana kibarazani siku nne.

Sikatai kuhakikiwa, maana kadi ikiibwa, pesa huondoka haraka. Ila kampuni za simu zina namba 100, mteja akiiona anajua nani anapiga. Benki zinashindwa nini? Au basi mhudumu aseme: "Kata, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi yako." Tapeli hathubutu kusema hivyo.

Beringi nilizifuata Sumbawanga, tena kwa bei ya kuumiza.

Mwenye mashine,
Makanyagio, Mpanda