Karantini ya hotelini: nani abebe gharama ya manufaa ya wote?

Tarehe 20 Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, mjini Geneva, ulipitisha mkataba wa kujiandaa na kukabiliana na majanga ya magonjwa. Wengi wetu tungependa kuamini kwamba habari za UVIKO-19 zimekwisha. Lakini mataifa yanapojipanga kwa janga lijalo, tunaona lipo jambo la miaka ile lililosahaulika upesi mno, nalo ni hali ya wasafiri waliofungiwa hotelini.

Tuikumbuke Kenya. Mwezi Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, Serikali iliagiza kila anayewasili kutoka ng'ambo akae karantini siku 14 kwa gharama yake mwenyewe. Wasiomudu bei za hoteli walipelekwa katika mabweni ya vyuo, na huko nako walitozwa shilingi 2,000 kwa siku. Alipopatikana mmoja mwenye virusi, wenzake wa kituo kile waliweza kuongezewa siku nyingine 14. Aliyetua Machi 24 na kuongezewa muda, Juma Kuu na Pasaka ya Aprili 12 vilimkuta ndani, bila Misa wala Komunyo. Mwezi huohuo watu kadhaa waliruka ukuta wa kituo kimoja jijini Nairobi. Tena waliokamatwa kwa kukiuka kafyu nao walipelekwa karantini, hata mwananchi wa kawaida akashindwa kutofautisha kinga na adhabu. Mwanzoni mwa Mei ada iliondolewa katika vituo vya umma.

Uingereza ilianza utaratibu wake Februari 15, 2021. Mtu mzima mmoja alitozwa pauni 1,750, na kuanzia Agosti pauni 2,285. Kenya iliingizwa katika orodha nyekundu Aprili 9 mwaka huo. Kwa muuguzi wa Kiafrika anayeishi Uingereza, kwenda nyumbani kumzika mama kukawa jambo la kupigia hesabu kwanza.

Chumba cha hoteli humfaa mtu anayeondoka asubuhi. Kwa aliyefungiwa humo wiki mbili, dirisha lisilofunguka na zulia la ukumbini asiloruhusiwa kulikanyaga huwa mambo makubwa. Chakula huachwa mlangoni. Hodi hupigwa, naye hufungua baada ya nyayo kwenda zake. Mama mwenye watoto wadogo hana pa kuwapeleka wakilia. Na aliyesafiri kwa ajili ya mazishi huyatazama katika simu, akiwa kilomita chache tu kutoka kaburini.

Hatusemi kwamba karantini ni dhuluma. Ni desturi ya kale: Dubrovnik iliwatenga wasafiri tangu 1377, na jina lenyewe, kama lile la Kwaresima, limetokana na hesabu ya arobaini. Kumtenga mtu kwa muda ili wengine wasife ni tendo la mshikamano. Shida yetu iko kwenye ankara. Anayejitoa kwa manufaa ya wote hatendewi haki akihesabiwa kuwa mteja. Mwenye fedha huinunua karantini kama sehemu ya safari, na maskini huilipa kwa ada ya shule ya mwanawe.

Nao wanasheria hawako mbali na Mafundisho Jamii ya Kanisa hapa. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, katika ibara ya 32, zinataka msafiri atendewe kwa heshima na apewe chakula, maji na malazi ya kufaa. Ibara ya 40 inazuia kumtoza gharama za kutengwa au karantini, isipokuwa anayetafuta ukaazi. Nchi nyingi zilizotuma ankara zilikuwa zimejifunga kwa kanuni hizo.

Kitabu cha Walawi, kinachojulikana kwa ukali wake juu ya wenye ukoma, kinamtaka kuhani mwenyewe atoke nje ya kambi kumtazama aliyetengwa. Mwaka 2020 mapadre wetu wengi hawakuruhusiwa kufika hata lango la vituo, nasi, tukiri, hatukusisitiza sana. Kabla ya janga jingine, majimbo yetu yanaweza kukubaliana na wizara za afya juu ya mapadre watakaoingia humo wakiwa wamefunzwa na kuvaa mavazi ya kinga. Na wabunge wetu watakapoletewa mkataba wa Geneva, wawaulize mawaziri ni fungu gani la bajeti litakalolipia vyumba hivyo.